Nilivyofunzwa Adungu na Mume Wangu

Katika nyumba yetu mjini Arua palikuwa na adungu iliyotundikwa ukutani miaka miwili bila kupigwa. Mwenyewe, mume wangu, alipita chini yake kila asubuhi akienda kunawa uso, wala hakuinua macho. Mimi niliipangusa vumbi kila Jumamosi, kimya kimya, kama mtu apangusavyo picha ya marehemu.

Mume wangu ni askari mstaafu, mwenyeji wa Koboko. Siku moja akiwa kazini gari lilipinduka, na mkono wake wa kulia ukapondeka. Madaktari waliuokoa mkono, ila kidole gumba na kidole cha shahada havikunjiki tena. Asiyeijua ala hii aweza kusema, "Na ashukuru, amebakiwa na vitatu." Lakini adungu yetu hupigwa kwa gumba na shahada wa kila mkono. Vidole alivyopoteza ndivyo vilivyokuwa na kazi. Tangu siku hiyo akazoea kuuficha mkono ule mfukoni, hata akiwa mezani na watoto wake.

Kwa wasioifahamu, adungu ni kinubi. Asili yake ni kwa ndugu zetu Waalur wa upande wa Nebbi na Pakwach, lakini imekwisha kuenea West Nile nzima, na makanisani hupigwa kwa makundi: ndogo, za kati, na zile kubwa za sauti nene. Gogo huchongwa likawa mfano wa mtumbwi mdogo, likawambwa ngozi ya ng'ombe. Shingo iliyopinda huchomekwa upande mmoja, na nyuzi hufungwa kutoka vigingi vya shingoni hadi kwenye ngozi. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya wanyama. Leo ni nailoni ya wavuvi. Yetu ina nyuzi tisa.

Basi siku moja akaja mtu kutaka kuinunua. Mume wangu akaikubali bei ya kwanza bila kubishana, na hilo ndilo lililonitisha, maana yeye hubishana hata bei ya chumvi. Nikasema, "Baba watoto, haiuzwi. Nitajifunza mimi."

Akaniuliza, "Nani atakufunza?"

"Wewe."

"Kwa mkono gani?"

"Kwa mdomo."

Mgeni akaaga. Usiku ule hatukuzungumza.

Juma la kwanza sikupiga wimbo hata mmoja. Nilifunzwa kukaa: mgongo wima, adungu mapajani, mabega yameshuka, mikono huku na huku ya nyuzi bila kuigandamiza ngozi, kwa sababu ngozi iliyogandamizwa hunyamaza. Kisha nikafunzwa kulinganisha sauti. Kigingi huzungushwa kidogo kidogo, sikio likiwa karibu, mpaka uzi wa kwanza na wa nane ziimbe sauti moja, huu nene na ule nyembamba, kama baba na mtoto wanaoitikia salamu pamoja. Wakati wa mvua ngozi hulegea na kazi hiyo huanza upya. Nilidhani ananichelewesha kwa makusudi. Akasema, "Kuruta hapewi bunduki siku aliyofika kambini."

Juma la pili ndipo balaa ilipoanza. Kila uzi nilioushika niliuvuta kama anayechomoa mwiba. Uzi ulilia vibaya, ukagonga wa jirani yake. Mume wangu alikuwa amekaa kibarazani, kanipa kisogo, na kila kosa alilijua. "Unavuta! Tena! Unavuta!" Sauti ilikuwa ya gwaride. Nilivumilia siku nne. Siku ya tano nikairudisha adungu msumarini, nikamwambia kwamba mimi si askari wake.

Siku tatu zikapita. Usiku wa tatu, watoto wamekwisha lala, nilisikia uzi mmoja ukilia, taratibu, safi. Nikatoka. Mume wangu alikuwa ameipakata adungu, mkono wa kushoto u juu ya nyuzi. Hakuwa ameigusa tangu ajali. Akasema, bila kunitazama, "Nilikuwa nikikuambia usilolifanya. Sikukuambia la kufanya, kwa sababu sikulijua kwa maneno. Nililijua kwa vidole." Akauweka mkono wangu juu ya wake nisikie. Kumbe kidole hakivuti. Huuegemea uzi, kama mtu aegemeavyo mlango, kisha huuachia, nao hulia wenyewe. Vidole visivyo na zamu hukunjwa kwa starehe. Kazi hufanywa na uzito, si nguvu.

Toka hapo tukaelewana. Binti yetu alitutafutia katika simu watu wapigao banjo huko Marekani. Wengi hudhani banjo ni ala ya Wazungu, kumbe chimbuko lake ni Afrika Magharibi, na waliolivusha bahari ni watu waliochukuliwa utumwani. Wajola wa Senegal na Gambia hadi leo wana akonting, kibuyu kilichowambwa ngozi chenye nyuzi tatu. Mpigaji hushusha ukucha juu ya uzi, na kidole gumba hujibu kwenye uzi mfupi. Upo mtindo wa banjo unaofanana sana na huo, na wanaouanza huonywa wasichokoe nyuzi kwenda juu, bali waache mkono mzima ushuke. Mume wangu alitazama kwa makini, kisha akasema, "Kosa ni lile lile lako." Nilifarijika sana.

Miezi minane baadaye tulikwenda Koboko kumaliza matanga ya mama mkwe wangu. Safari ni kilomita zipatazo 55 kwa lami, nami niliipakata adungu njia nzima. Marehemu alikuwa akipenda mwanawe ampigie jioni, na jamaa walikwisha zoea kutouliza habari hiyo.

Nilipiga wimbo wa kwanza salama. Katika wa pili macho ya watu yalinielemea, nikaanza kukimbia, na vidole vikarudia tabia ya kuvuta. Hapo nikasikia pigo kwenye ubavu wa adungu: du, du, du, polepole, kama hatua ya mazishi ya askari. Mume wangu alikuwa ameinama kando yangu, akigonga gogo kwa mkono wake wa kulia, ule wa mfukoni, mbele ya ukoo mzima. Nikaifuata hatua yake mpaka mwisho. Sikupiga vizuri sana. Mjomba wake mmoja aliniambia hivyo, naye mume wangu akamjibu, "Ndiyo, lakini hakimbii tena."

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaoishi na mtu aliyerudi kazini na upungufu mwilini, sina dawa ya kuwapa. Naweza kusema tu kwamba nyumbani kwetu huruma yangu haikumfaa kitu kwa miaka miwili, bali kazi ya kunikosoa ilimfaa. Na anayetaka kujifunza adungu, akate kucha, alinganishe nyuzi kabla ya yote, apige robo saa kila siku, na apige polepole kuliko apendavyo. Bandu bandu huisha gogo.

Msumari ule ukutani sasa tumetundika kalenda. Adungu hukaa kitini, karibu na mlango, ambapo kila apitaye huiona.