Taa ya Bastola

Giza ni mlezi wa mashaka. Mtu aliye jasiri mchana huweza usiku kukidhani kiti kuwa mwizi, na mwanawe kuwa adui. Kwa hiyo, yeyote awekaye silaha nyumbani kwa kujilinda ana haja ya nuru kabla ya haja ya risasi. Maana risasi haina macho, wala ikishatoka hairudi.

Nasomesha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, nchi ambayo Mahakama yake Kuu iliamua mwaka 2008, katika shauri la Heller, kwamba Katiba yailinda haki ya mtu kuweka bastola nyumbani mwake kwa kujihami. Mke wangu ni mzaliwa wa huko. Baba yake alipofariki alituachia bastola, na chini ya mtutu wake palikuwa na mifuo ya kupachikia taa. Mke wangu alitaka ibaki. Mimi nilitaka kujua itabaki kwa masharti gani. Nyumbani mwetu yumo binti wa miaka 16, ambaye hushuka ngazi usiku wa manane kutafuta maji. Basi habari ya taa haikuwa kwangu habari ya pambo.

Wauzaji husifu taa kwa lumeni. Lumeni ni kipimo cha nuru yote itokayo katika taa. Kandela ni kipimo cha ukali wa nuru hiyo kuelekea upande mmoja. Taa mbili zaweza kuwa sawa kwa lumeni, moja ikaitawanya nuru yake chumba kizima, na nyingine ikaikusanya kama mkuki. Uwanjani mkuki una faida, kwa kuwa umbali ukizidi mara 2, mwanga ufikao hubaki robo. Lakini ndani ya nyumba, katika hatua 7 au 10 na kuta nyeupe, ukali uliopita kiasi humrudia mwenye taa machoni. Nikaona lumeni 500 zenye mtawanyo mpana zatutosha. Niliangalia pia swichi. Yafaa iwashwe na kidole kisicho cha kufyatulia, maana si salama kidole kimoja kutumikia mabwana wawili katika saa ya hofu.

Walakini, msomaji, iko hila moja ambayo ubora wa taa hauiondoi. Taa iliyofungwa katika bastola hutazama pale pale utazamapo mtutu. Anayeitumia kutafuta amjuaye humlenga silaha kabla ya kumjua. Jeff Cooper, mwalimu wa silaha aliyefariki mwaka 2006, alifundisha kanuni nne. Moja yakataza kuelekeza mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiangamiza. Nyingine yaamuru kukihakikisha unachokilenga, na kilicho nyuma yake. Taa ya bastola husaidia kuitii kanuni hii ya pili, na wakati huo huo humshawishi mtu kuivunja ile ya kwanza.

Watetezi wake hujibu kwamba mtutu waweza kuinamishwa, nuru ikapiga sakafuni na kuangaza chumba, na mikono yote miwili ikabaki katika silaha. Jibu hilo lina uzito, na mwenye mazoezi mengi hulitenda. Lakini nani hufanya mazoezi ya kuzinduka usingizini na moyo ukidunda?

Tulikata shauri hivi. Taa ilipachikwa, kwa sababu atakayelazimika kutumia silaha hana haki ya kuitumia gizani. Bastola iliwekwa katika kasha la chuma lenye kufuli. Karibu na kitanda iliwekwa kurunzi ya mkono, nayo ndiyo itangulie. Na kabla ya kurunzi itangulie sauti, imwite binti kwa jina lake na kungoja jibu. Hata swichi ya ukutani isisahauliwe, kwa kuwa haihitaji betri wala ustadi.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu wa aina hii hazikwi peke yake. Nuru ya kurunzi huuliza: nani wewe? Nuru ya bastola haifai kuuliza swali hilo. Kazi yake huanza pale tu jibu lilipokwisha kupatikana, nami naomba kazi hiyo isije ikahitajika nyumbani mwetu.