KUTU ISIYOONEKANA

Leo nataka tuongee kuhusu gari. Usiondoke, nakuja kwako.

Kuna gari la Wamarekani linaloitwa Corvette. La kwanza liliundwa mwaka wa 1953 mjini Flint, Michigan, na mwaka huo yalitoka magari 300 pekee, yote meupe. Bodi yake si bati, ni faibaglasi. Na faibaglasi haishiki kutu. Linyeshewe, lipigwe na theluji, bodi haitaliwa.

Ndugu mmoja niliyesoma naye chuo cha Biblia anaishi Marekani siku hizi, na analo moja la mwaka wa 1972 analolitengeneza nyumbani kwake. Aliponionyesha kwenye simu, nilimwambia, "Mtumishi, hili si la kutengeneza, hili ni la kupanda twende!" Akacheka. Akabandua ule ukanda unaong'aa kando ya kioo cha mbele. Chini yake chuma kilikuwa kimeliwa mpaka kidole kinapita.

Sasa nisikilize. Bodi ya Corvette la wakati ule haishiki kutu, lakini haijibebi. Chini kuna chasi ya chuma, na ndani ya bodi kuna fremu ya chuma inayoshika kioo na milango. Maji hupenya kando ya kioo, yanateremka polepole hadi miguuni pa dereva, yanakaa huko. Bati lingefura, rangi ibambuke, ujue kuna shida. Faibaglasi haikwambii kitu. Nje linameta, ndani linaoza.

Ndugu yule hakupaka rangi juu ya kutu. Alitoa kioo, akakata mpaka akafikia chuma kizima, akachomelea kipya, kisha akaziba maji yalipokuwa yakipitia. Siku ya kuinua bodi aliita majirani. Na haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Lazima kwanza aweke stendi. Jeki ikiteleza, gari halijui kama wewe ni mtumishi.

Mpendwa, wengine wetu tuna bodi ya faibaglasi. Jumapili suti imenyooshwa, haleluya iko juu, ukiulizwa unasema "tumebarikiwa". Lakini simu ina mikopo sita na mkeo hajui. Wewe baba, unakaa steji mpaka watoto walale ndipo uingie, usiulizwe karo. Wewe mama, chama kinakudai na unabadilisha njia usikutane na mweka hazina. Nimeketi na familia zilizojua ukweli siku dalali alipobisha mlango. Kilichowaumiza zaidi hakikuwa deni. Ni ile miaka ambayo mmoja wao alioza peke yake ndani ya nyumba yenye watu.

Usiku wa leo, kabla hujalala, bandua ule ukanda. Mwambie mtu mmoja: mkeo, mumeo, mzee wa kanisa, au mimi. Inboksi iko wazi, na sitakuhubiria. Mungu hashtuki akiona kutu yako, aliiona kabla yako. Lakini hakuna fundi anayechomelea palipofunikwa.

Kukata kutauma. Kata tu mpaka ufike kwenye chuma kizima. Kipo.

Ubarikiwe.