Mtaa Kwanza, Nyumba Baadaye

Mpwa wangu,

 Habari ya uhamisho imepokelewa kwa furaha: wewe bandarini, mkeo hospitali ya Mloganzila, na watoto waanze muhula wa Januari wakiwa Dar es Salaam. Zimefika pia picha za nyumba tatu mlizotumiwa na dalali. Zote zina vigae vinavyong'aa, geti jeusi na maua mlangoni. Mjomba wako amezitazama moja moja, na hakuna hata picha moja inayoonyesha barabara ya kuifikia nyumba hiyo, wala shule iliyo karibu, wala maji yanatoka wapi. Ndiyo sababu ya barua hii.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka hawakuenea Upanga wala Kariakoo. Walikwenda pembeni, Goba, Madale, Kinyerezi, Chanika, Kivule, Kibada, Mbezi, na wengine, ambao hawamo katika hesabu hiyo, wakavuka mpaka wa mkoa hadi Kibaha na Mkuranga. Sehemu kubwa ya huko nyumba zilitangulia. Barabara, zahanati na mabomba yalifuata nyuma, na kwenye baadhi ya mitaa bado yanasubiriwa. Familia inayochagua pa kuishi kwa kutazama nyumba peke yake inachagua kitu ambacho jiji hili halina upungufu nacho.

Tazama Sinza na Manzese, maeneo yanayopakana. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja. Sinza ilipimwa ikiwa bado wazi: zikachorwa barabara, vikagawiwa viwanja, kisha watu wakajenga wenyewe. Manzese tayari ilikuwa imejaa watu, kwa hiyo ikaboreshwa ilivyo, ikachongewa njia na kuwekewa maji. Miongo kadhaa baadaye wachumi walilinganisha kwa picha za satelaiti maeneo ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania. Yale yaliyopimwa kabla ya kujengwa yalikutwa na nyumba kubwa na bora zaidi, zimepangika, na zimeunganishwa vizuri zaidi na huduma. Mistari iliyochorwa mapema iliendelea kuwafaa hata waliozaliwa baadaye. Hilo mtu hulihisi akiwa na mgonjwa usiku: Sinza gari hufika mlangoni, lakini katika vichochoro vingi vya jiji hili mgonjwa hubebwa mgongoni hadi barabara kubwa.

Hata hivyo, ramani nzuri hailindi kila kitu. Sinza hiyohiyo leo imejaa baa, na kuna nyumba ambazo watoto hulala huku madirisha yakitetemeka kwa muziki. Kelele zilikuwa kero kubwa jijini kiasi kwamba mwaka 2023 baraza la mazingira, NEMC, lilifungia baa kadhaa. Kwa hiyo nyumba ya kupanga isitazamwe Jumanne mchana tu. Mwenye watoto aende Jumamosi saa nne usiku, asimame nje ya geti, asikilize.

Mfano wa pili una uchungu, na mjomba wako anaomba uusome taratibu. Desemba 2011 mvua kubwa ilipiga Dar es Salaam na mafuriko yakaua watu zaidi ya 40. Baadhi ya waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi, Jangwani na Kigogo, walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji, upande wa Bunju. Kiwanja kilikuwa kikavu na salama, na kwa mtu aliyeponea chupuchupu hilo si dogo. Lakini watu hao walikuwa wakifanya kazi Kariakoo: wachuuzi, wapagazi, mama lishe, mafundi cherehani. Kutoka Jangwani walikwenda kazini kwa miguu. Kutoka Mabwepande nauli ilikula mapato, na saa za safari zikala siku. Baadhi waliuza viwanja wakarudi bondeni, kwenye maji yaleyale yaliyowafukuza. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamepewa mahali pa kulala bila mahali pa kuishi, na wakachagua hatari inayokuja kwa msimu badala ya njaa inayokuja kila siku.

Kwa familia yenye mishahara miwili hali haitakuwa ngumu kiasi hicho. Hata hivyo umbali utadai haki yake, na utaidai kwa watoto kwanza. Simama kituo chochote cha pembezoni saa kumi na moja alfajiri utawaona: watoto wa chekechea, sare zimenyooshwa, wamelala kwenye viti vya basi la shule kabla hata halijaondoka. Wanarudi jua likizama. Wazazi wao hawakukusudia mabaya. Walipata nyumba nzuri upande mmoja wa jiji na shule nzuri upande wa pili, wakadhani basi litaunganisha. Mjomba wako analisema hili kwa mkazo kuliko mengine yote: itafutwe kwanza shule ambayo mtoto atafika kwa miguu, au kwa safari moja fupi isiyo ya kubadili gari, kisha nyumba itafutwe kuizunguka shule hiyo. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada, na zipo zinazofundisha vizuri. Zipo pia zilizoelemewa, ambazo watoto huingia kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Mwalimu mkuu akiulizwa kwa adabu atasema darasa la kwanza lina watoto wangapi. Mkeo aende mwenyewe, na aende wakati wa mapumziko awaone watoto uwanjani.

Kuhusu daladala, mwanafunzi anayelipa nauli pungufu hapendwi na makondakta asubuhi. Atasukumwa, ataachwa kituoni. Hiyo nayo ni sababu ya shule ya karibu.

Sasa upande wenu wazazi. Kazi mbili ziko ncha mbili za mji, na zinaunganishwa vizuri zaidi na Barabara ya Morogoro. Mloganzila, tawi la Muhimbili, iko upande wa Kibamba. Bandari iko mjini, si mbali na kituo cha mwendokasi cha Gerezani. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, katika awamu yenye njia za kilomita 20.9 kwa jumla. Saa za asubuhi hujaa hadi milango ikagoma kufungwa, na si kila siku mabasi yanatosha, lakini yana njia yake na hayakai kwenye foleni ya magari madogo. Kutoka Kimara kwenda Kibaha barabara imepanuliwa ikawa ya njia nane, ikazinduliwa Februari 2021 pamoja na kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku anahitaji gari la uhakika na njia fupi yenye taa kutoka kituoni hadi mlangoni. Kwa hesabu hiyo, kati ya Kimara na Kibamba ndiko kunakofaa.

Kigamboni unakokusifu kuna sifa zake. Kibada ilipimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, mitaa yake ina upana, upepo wa bahari upo. Daraja la mita 680 lilifunguliwa Aprili 2016, ingawa gari hulipa tozo kulivuka, na kivukoni, siku ambazo pantoni zimepungua, foleni hurefuka. Wewe ungefika bandarini vizuri. Mkeo angevuka jiji zima kwenda Mloganzila, tena baada ya kusimama wodini usiku kucha. Kigamboni iachwe.

Kibaha nayo inasifiwa kwa sababu nzuri. Kituo cha elimu kilichoanzishwa huko kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 kiliuachia mji huo mazoea ya shule nzuri, na hospitali ya Tumbi iko palepale. Bado ni kilomita 40 hivi kutoka bandarini, kila asubuhi, mwaka mzima.

Mtakuja Januari, jua linawaka, vumbi kavu. Masika ni Machi hadi Mei, na mtaa wa Januari hauongopi ila hausemi yote. Kimara na Mbezi ni vilima na mabonde. Nyumba ya juu hukosa maji presha ikishuka, nyumba ya chini hupokea maji ya wote walio juu. Tazameni ukutani kama kuna mstari wa tope uliokauka, kizingiti kilichoinuliwa kwa tofali, viroba vya mchanga vilivyosahauliwa nyuma ya nyumba. Ulizeni majirani, si dalali, bodaboda hupita hadi wapi mwezi wa Aprili. Upande huo maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hutoka mtambo wa Ruvu Juu, na mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua, jiji zima lilipewa maji kwa mgao. Nyumba isiyo na simtanki au kisima cha kuhifadhia, yenye watoto wawili, itawachosha.

Kuhusu kununua kiwanja: msinunue mwaka huu. Pangeni kwanza, ingawa wenye nyumba wengi watadai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali naye atataka ya mwezi mmoja. Mwaka wa kupanga utawaonyesha masika, shule na majirani. Mwaka 2017 kando ya barabara hiihii, Kimara hadi Kiluvya, nyumba nyingi zilipigwa alama ya X nyekundu zikavunjwa, kwa kuwa serikali ilisimamia hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kila upande. Zilikuwemo nyumba za watu wazima waliostaafu, zilizojengwa kwa akiba ya maisha. Kando ya mito nako sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Siku ya kununua ikifika, mpimaji aje na kifaa chake, hati ikakaguliwe ofisi ya ardhi, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa asiwe shahidi pekee.

Mkeo atangulie wiki mbili kabla ya mizigo. Chumba kipo hapa Mbezi, na shangazi yenu ameshaulizia shule mbili, moja ya serikali na moja ya kanisa, zote upande mmoja wa barabara na sisi ili watoto wasivuke njia nane. Walimu wakuu wamekubali kumwona mkeo. Atakapochagua shule ndipo mpigieni dalali, na mwambieni picha za vigae hazihitajiki.

Wasalaam,
Mjomba wako