Usiku na Nesi, sehemu ya 6: Imba hata ukiwa umechoka

Mama mwenzangu, leo tuongee kuhusu kuimba. Najua utaniambia, "Nesi, mimi sauti sina." Wodini naambiwa hivyo kila siku. Sauti unayo! Mwanao ameisikia tangu akiwa tumboni, na akizaliwa tayari anaitambua. Hajali kama unaimba vizuri au vibaya.

Siku hizi nikitoka zamu ya usiku nasikiliza nyimbo za kubembelezea watoto za huko Asia. Kuna moja ya Kerala, kusini mwa India, inaitwa Omanathinkal Kidavo. Mshairi Irayimman Thampi alimtungia mtoto wa ukoo wa kifalme, Swathi Thirunal, aliyezaliwa 1813. Ni sifa tupu: mtoto anafananishwa na mwezi, na ua, na asali.

Sasa twende Japani, kijiji cha Itsuki, mkoa wa Kumamoto. Wimbo wao wa kubembeleza uliimbwa na mayaya, wasichana wadogo wa familia maskini waliopelekwa kulea watoto wa watu wenye uwezo. Mtoto yuko mgongoni, analala taratibu, kumbe yaya anaimba umaskini wake na hamu ya kurudi kwao.

Na Ufilipino kuna Sa Ugoy ng Duyan, muziki wa Lucio San Pedro, maneno ya Levi Celerio. Humo anayetamani kubembelezwa ni mtu mzima, amekumbuka bembea ya mama yake.

Umeona? Wimbo wa mtoto una nafasi ya anayeimba pia. Kwa hiyo usisubiri uwe na furaha ndipo uimbe. Mpakate mwanao, imba polepole, rudia maneno yaleyale. Umechoka? Imba kwamba umechoka. Mgongo unauma? Utie kwenye wimbo. Yeye atapata sauti na joto lako, wewe utapata pa kupumulia. Akisinzia, mlaze chali.

Ila jamani, wimbo sio dawa ya kila kitu. Kama huzuni imepita wiki mbili, hulali hata mtoto akilala, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae nayo peke yako. Hayo mawazo yakija, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mtu akusindikize. Huo ni ugonjwa, unatibika, na hakuna nesi anayejua kazi yake atakayekucheka.

Baba unayesoma hapa, na wewe imba. Mwache mama alale kidogo.