Kabla ya kukimbia alikuwa nani? Somo kutoka seri zilizozaliwa na michezo ya video

LUVUNGI, Kivu ya Kusini – Familia ikifika mahali pa kupokea wakimbizi, maswali ni yale yale. Jina lako nani? Muko watu wangapi? Mumetoka kijiji gani? Kuna mgonjwa? Majibu yanaingia katika daftari, familia inapewa namba, kisha inangoja. Kazi hiyo ni ya lazima, maana bila daftari hakuna unga wala turubai. Lakini katika daftari hakuna mstari wa kuandika kwamba mama huyu alikuwa muuzaji wa nyanya anayejulikana soko zima, wala kwamba mzee yule ndiye aliyekuwa akipatanisha watu wa mashamba bila kupandisha sauti.

Swali hilo, la mtu alikuwa nani kabla ya kukimbia, linaulizwa siku hizi mahali ambapo wakaaji wengi wa uwanda wa Ruzizi hawakutazamia: katika seri za televisheni zilizotengenezwa kutokana na michezo ya video.

Vijana wa Luvungi, Sange na Uvira wanaijua michezo ya video, hasa ule wa mpira, ambao watu wawili wanacheza huku kumi wanapiga kelele nyuma yao. Iko mingine ambayo ndani yake kuna hadithi ndefu. Mchezaji anashika maneti mikononi na kumwongoza mtu wa kwenye kioo: anatembea, anajificha, anapiga risasi. Watengenezaji wa televisheni wamechukua hadithi hizo na kuzifanya seri. Na ndani ya seri hizo kuna desturi moja. Hadithi inakwenda mbele, hatari iko mlangoni, kisha inasimama. Sehemu nzima, au karibu nzima, inarudi nyuma kuonyesha maisha ya mtu mmoja kabla hajawa huyu tunayemwona.

Seri inayojulikana zaidi kwa jambo hilo ni The Last of Us. Mchezo wake ulitoka mwaka 2013, na seri ilianza kuonyeshwa Januari 2023. Hadithi yake haiko mbali na masikio ya watu wa huku. Aina ya kuvu inaingia katika miili ya watu, inatawala ubongo, na dunia inaanguka. Miaka ishirini baadaye waliobaki wanaishi ndani ya miji iliyozungushiwa ukuta, chini ya askari, kwa kadi za chakula. Mwanaume anayeitwa Joel, aliyempoteza binti yake siku ya kwanza ya maafa, anapewa kazi ya kumvusha msichana wa miaka 14, Ellie, kutoka upande mmoja wa Marekani hadi mwingine. Ellie aliumwa na mgonjwa lakini hakugeuka. Watu wanatumaini kwamba mwili wake una dawa.

Katika sehemu ya saba, iliyoonyeshwa Februari 2023, Joel amelala chini ya nyumba iliyoachwa, na jeraha tumboni. Anamwambia Ellie amwache, aondoke. Ellie anamfunika kwa koti, anapanda ngazi, anafika mlangoni. Hapo hadithi inasimama na kurudi nyuma.

Tunamwona Ellie katika shule ya askari huko Boston. Usiku rafiki yake Riley, aliyekuwa ametoroka, anaingia chumbani kwake kwa siri na kumpeleka kwenye jengo kubwa la maduka lililofungwa tangu dunia ianguke. Humo umeme umerudi. Riley anamwonyesha maajabu matano, na hakuna hata moja ambalo ni la vita. Kuna ngazi zinazopanda zenyewe, na Ellie, aliyezaliwa baada ya maafa, hajawahi kuziona. Anazipanda na kuzishuka kama mtoto. Kuna farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki, chumba kidogo cha kupigia picha, mashine za michezo, na duka la vinyago vya sikukuu. Wasichana wawili wanacheza, wanagombana, wanapatana, wanapendana. Kisha mgonjwa aliyekuwa amelala ndani ya jengo anaamka na kuwauma wote wawili. Wanaweza kujiua mara moja au kungoja. Wanachagua kungoja pamoja, hadi mwisho.

Halafu seri inarudi kwa Joel. Ellie hafungui mlango. Anavuta makabati ya jikoni moja baada ya jingine hadi anapata sindano na uzi, anashuka tena, anaanza kushona jeraha. Hakuna anayeeleza sababu, na hakuna haja. Mtazamaji amekwisha kujua msichana huyu alimpoteza nani, na kwa nini hawezi kumwacha mtu akafa peke yake.

Wanaoucheza mchezo wanajua kwamba usiku huo wa madukani haukubuniwa na televisheni. Ulitolewa Februari 2014 kama nyongeza ya mchezo wenyewe, kwa jina lile lile, Left Behind. Lakini katika mchezo, mtu anayecheza ndiye anayerusha matofali kwenye vioo vya magari kushindana na Riley, na ndiye anayekimbizana naye kwa bunduki za maji. Anamzoea Ellie kwa mikono yake, baada ya saa nyingi za kutembea naye. Mtazamaji wa seri hana maneti. Ana macho tu, na muda wake ni mfupi. Ndiyo sababu televisheni inalazimika kusimama na kumpa yale ambayo mchezaji aliyapata kwa kucheza.

Wakati mwingine inampa hata zaidi. Katika mchezo wa 2013 kuna mtu anayeitwa Frank. Mchezaji anamkuta akiwa maiti, na barua yenye uchungu pembeni, hakuna kingine. Katika sehemu ya tatu ya seri, Frank na mwenzake Bill, wanaume wawili wanaoishi kama wenza, wanapewa karibu sehemu nzima: walivyokutana, chakula cha kwanza, ugomvi wa nyumbani, shamba dogo la matunda, uzee na ugonjwa. Aliyekuwa maiti na karatasi akawa mtu mwenye maisha.

Seri hizi hazifiki uwandani kwa televisheni. Zinakuja ndani ya kadi ya simu, kutoka kwa mtu anayechaji simu na kuuza filamu, na mara nyingi zinasema Kiingereza au Kifaransa. Kwa hiyo lazima awepo wa kufasiri. Kazi hiyo ina heshima yake Afrika Mashariki. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kenya ina DJ Afro. Wasimulizi hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanaeleza, wanatania, na hadithi inaporuka kwenda zamani wanamshika mtazamaji mkono asipotee.

Mama mmoja wa Luvungi, yule yule wa nyanya ambaye daftari halikumwandika, alivuka Ruzizi pamoja na watoto wanne. Mwanawe wa kwanza ndiye Lufufu wa nyumba yao ya turubai. Jioni moja, betri ikiwa imebaki kidogo, alikuwa anawasimulia wadogo zake sehemu ile ya wasichana wawili. Mama alikuwa anachambua maharagwe, kama asiyesikiliza. Filamu ya zombi kwake ni kelele tu.

“Papa,” akamuuliza mwanawe, “huyu mtoto wamemrudisha nyumbani?”

“Hapana, mama. Wanaonyesha zamani. Mbele ya yeye kukimbia.”

Mama akaacha maharagwe, akatazama hadi mwisho. Kisha akasema kwamba mengine yote ya filamu ile ni vita, na vita anavijua. Hicho kipande cha kucheza ndicho angependa kukiona tena. Usiku ule mtoto wake mdogo, wa miaka mitano, akamuuliza kama wao pia walikuwa na zamani. Mama akaanza na siku ya soko. Jinsi alivyokuwa anaamka gizani, jinsi alivyopanga nyanya mbivu juu na ngumu chini, jinsi malori ya kutoka Uvira yalivyosimama kando ya barabara na wanunuzi wakaanza kuteta bei kabla hawajashuka. Mkubwa akamkatiza, akamkumbusha mteja mmoja aliyekuwa akilipa nusu na kuahidi nusu kila juma. Wakacheka. Tangu kufika pale, walikuwa wamezungumzia siku ya kukimbia tu.

Hapo ndipo seri hizi zinagusa jambo kubwa. Watu wa uwanda huu wanajua sana kusimulia siku mbaya. Katogota ni Mei 2000. Sange ni Julai 2010. Mutarule ni Juni 2014. Majina ya vijiji yamegeuka majina ya misiba. Na mwezi wa Desemba 2025, vita viliposhuka kupitia Luvungi na Sange hadi Uvira, na familia nyingi zikavuka kuingia Burundi, tarehe nyingine iliongezeka. Mtoto anayekua ng'ambo anaweza kufikiri kwamba kwao ni mahali ambapo watu wanakufa, basi.

Chukua Sange. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka, likawaka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Hiyo ndiyo habari iliyozunguka dunia. Lakini baadhi ya waliokufa walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Anayetaka kuwakumbuka sawasawa aanze hapo, kwenye mpira: nani alikuwa anashangilia timu gani, nani alikuwa amekopa pesa ya kuingia. Msiba haupungui kwa kusimuliwa hivyo. Unakuwa mzito zaidi, maana sasa waliokufa ni watu, si hesabu.

Seri nyingine zinafanya kazi hiyo hiyo kwa njia yao. Arcane, iliyoanza Novemba 2021 kutokana na mchezo wa League of Legends, inatumia sehemu tatu za kwanza kwa utoto wa dada wawili, ndipo inaruka miaka na kuwaonyesha wakiwa maadui. Fallout, ya Aprili 2024, ina mtu mwenye uso ulioungua, asiye na pua, anayeua kwa malipo. Ukimwona hivyo tu, ni shetani. Lakini seri inaanza naye akiwa mwigizaji wa filamu, kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto, binti yake yuko karibu naye, dakika chache kabla mabomu hayajaanguka. Haimtakasi. Inamkataza mtazamaji kusema kwamba alizaliwa hivyo. Kwa uwanda ambao majirani wamegeukiana zaidi ya mara moja, hilo ni jambo la kufikiri.

Katika msimu wa pili wa The Last of Us, mwaka 2025, Joel anauawa mapema. Ellie anatafuta kisasi, na sehemu kadhaa zinapita kwa hasira. Kisha inakuja sehemu ya sita, ya Mei mwaka huo. Inarudi kwenye sikukuu za kuzaliwa za Ellie, moja baada ya nyingine. Joel anamtengenezea gitaa. Mwaka unaofuata anampeleka katika jumba la makumbusho lililoachwa, ili aketi ndani ya chombo cha kwenda mwezini na kusikiliza sauti za kurushwa kwake. Inaonyesha pia Joel akiwa kijana mbele ya baba yake mkali, ambaye naye alipigwa na baba yake, na anayetumaini kwamba mwanawe atalea vizuri kidogo kuliko yeye. Miaka mingi baadaye Joel anampa Ellie tumaini hilo hilo. Wazazi waliokimbia na watoto wataelewa bila kufasiriwa. Wengi hawana shamba la kurithisha tena. Bado wana hicho.

Lakini kuna tahadhari. Si kila kurudi nyuma kunaponya. Yuko ambaye akisikia mlango unapigwa kwa nguvu, mwili wake unarudi siku ile bila ruhusa yake. Mtu huyo asilazimishwe kusimulia, si na watoto, si na jirani, si na mgeni mwenye kinasa sauti. Yeye ndiye anayechagua atarudi wapi na atasimama wapi. Akitaka kunyamaza, anyamaze. Na usingizi ukimkataa usiku baada ya usiku, apelekwe kwa muuguzi au kwa mtu anayeaminika wa kusikiliza.

Kwa anayeweza, njia iko wazi na haihitaji kadi ya simu. Chagua siku ya kawaida, si siku ya kukimbia: siku ya kuvuna muhogo, siku ya ndoa ya shangazi, siku mtoto alipopotea sokoni akapatikana anakula mkate wa watu. Sema majina ya waliokuwepo, hata wale ambao hawapo tena. Simulia kwa Kifuliiru kama ndiyo lugha ya nyumba, ili watoto wapate hadithi na lugha pamoja. Waache waulize maswali ya kijinga. Mwenye kalamu na daftari la shule aandike ukurasa mmoja kwa kila mzee, kuanzia na wale waliochoka zaidi, maana hao hawatangoja.