Babu aliyefukuzwa na Rais

Mtoto akipata chuo, wazazi hujiandaa. Wanauza mahindi, wanakopa kwenye kikoba, wananunua godoro na sanduku. Siku ambayo chuo kitamrudisha nyumbani, hakuna anayejiandaa nayo.

Ipo familia moja ya Handeni yenye babu anayeijua siku hiyo. Mwaka 1966 alikuwa Mlimani, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Wasomi walikuwa wa kuhesabika. Chakula na malazi vilitoka serikalini, na kijiji kizima kilijivunia mtoto wake aliyeko Dar.

Mwaka huo Serikali iliamua wahitimu waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Baada ya miezi ya kambini, wangefanya kazi zao kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi walikataa. Oktoba 22 waliandamana wakiwa wamevaa majoho, na wapo waliobeba mabango ya kudai kuwa afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza Ikulu, akakasirika. Alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akaamuru warudi makwao. Karibu wanafunzi 400, wa Mlimani na vyuo vingine, walifukuzwa.

Kijana alirudi Handeni kupitia Korogwe na sanduku lake. Baba yake, aliyewahi kukata mkonge mashambani Korogwe, alikwishasikia habari redioni. Hakufoka. Alimuuliza kama amekula. Asubuhi alimpa jembe wakaandae shamba la vuli, na siku ya gulio alitembea naye bega kwa bega, watu wamwone. Walionong'ona walinong'ona wakachoka. Mwaka uliofuata wengi wa waliofukuzwa waliruhusiwa kurudi. Naye alirudi, akamaliza.

Ila wajukuu hawakuambiwa hayo. Walichokiona ni picha ya babu na joho ukutani sebuleni, na maneno "mwige babu yako".

Mjukuu mmoja alipofika mwaka wa pili wa chuo, alidisko. Hakumwambia mtu. Alipanga chumba Korogwe, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani, huku mama akiendelea kumtumia hela ya matumizi kwa simu. Ilipita miezi sita. Alilala mchana, alikula mara moja kwa siku, simu hapokei, anajibu kwa meseji. Rafiki yake alipoogopa, ndipo akaipigia familia.

Mama alitaka kwenda kumgombeza. Babu alisema ataenda yeye. Alipanda basi, akamkuta mlango umefungwa saa sita mchana.

"Umekula, mjukuu wangu?"

"Shikamoo babu. Bado."

Walikula kwanza. Kisha mzee akamwambia, "Wewe umefukuzwa na mitihani. Mimi nilifukuzwa na Rais wa nchi." Kijana alicheka, halafu akalia sana. Alikiri kwamba alishafikiria kufa kuliko kurudi nyumbani mikono mitupu. Usiku huo babu hakumwacha peke yake, na kesho yake walikwenda pamoja hospitali. Leo anasoma ufundi umeme, na mama yake anajua matokeo yake yote.

Mzazi, mtoto anayeomba hela lakini hana habari za darasani, anayekwepa simu, aliyebadilika kulala na kula, mfuate alipo. Muulize matokeo bila vitisho. Akitaja kufa, usidhani anadeka: kaa naye, mpeleke hospitali. Mambo ya chuo yatafuata. Vyuo vingi vina utaratibu wa kukata rufaa au kuomba upya.

Na kabla hajaondoka na godoro lake, msimulie siku wewe uliposhindwa, na nani alikupokea. Mtoto anayejua kuwa nyumbani walishawahi kuanguka watu wakainuka, hatajificha Korogwe.