Njano ya Nyota

Salamabila, 6 Juni
Jua limewaka tangu asubuhi, betri imejaa. Nimefungua picha ya mchoro wa Tshibumba Kanda Matulu, wa ile aina ya "Colonie Belge": mfungwa amelazwa chini anachapwa fimbo, afisa Mbelgiji anatazama, wafungwa wamevaa milia ya njano na nyeusi, na juu yao bendera ya buluu yenye nyota ya njano. Tshibumba, mzaliwa wa Lubumbashi wa 1947, alikuwa akichora juu ya magunia ya unga. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya Zaire, akimweleza kwa Kiswahili cha Shaba. Ndiyo maana nimeanza naye katika kazi yangu ya kupima rangi za michoro kwa kompyuta.

7 Juni
Kwa kompyuta, kila nukta ya picha ni namba tatu: nyekundu, kijani, buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Programu ya kutafuta "rangi kuu" za picha hukusanya namba zinazokaribiana na kutoa wastani wa kila kundi. Idadi ya makundi naitaja mimi. Nimetaja matano: njano haimo! Imemezwa na kahawia ya ardhi. Nimetaja kumi, ikatokea. Kumbe hizo "rangi kuu" ni hesabu ya eneo tu. Nyota ni ndogo, lakini nani anautazama mchoro ule asiione kwanza?

9 Juni
Nimepata picha nyingine ya mchoro uleule. Buluu ya huku inaelekea zambarau, ya kule kijani. Taa, kamera na wino wa kitabu vyote vimetia mkono. Makumbusho hupiga picha na kadi ya rangi kando ya mchoro, ili kusahihisha baadaye.
Mpwa wangu ameuliza, "Mjomba, sasa buluu ya kweli ni ipi?"
"Iko kwenye gunia lenyewe, baba. Hapa tunapima picha."

12 Juni
Ndani ya picha moja, njano ya nyota na njano ya milia zimeangukia kundi moja. Hili limenikalia moyoni: dola na mfungwa wake, rangi ileile. Kwamba zilitoka mkebe mmoja, namba haziwezi kuthibitisha. Hiyo ni kazi ya wapimaji wa rangi kwenye maabara. Kulinganisha rangi mbili ndani ya picha moja nakubali. Kuupa mchoro mzima asilimia za rangi kutoka picha ya kuokota, sikubali.